Uzinduzi wa Jukwaa la Kupigia Picha za Roketi, Mullet Bend

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kaunti, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naye amepata udhuru. Mkuu wa Zimamoto, uliyetuazima ukumbi huu ukakubali magari yako yakae nje juani. Mchungaji Abernathy na mama mchungaji. Kinamama wa kamati ya pai. Wavuvi wenye leseni na wale wengine. Mama mkwe wangu, Mama Earlene, uliyekaa mbele kabisa ingawa nilikuwekea kiti kule pembeni. Wananchi wa Mullet Bend, fahari ya jimbo la Florida, mji unaotazamana na roketi uso kwa uso: mimi, Kamishna Wendell Tuttle, nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi ya wastani. Mtu anauliza kama chai ya barafu imeisha.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu kwenye bodi wameuita wa kupigiwa mfano, ili kuzindua rasmi Jukwaa la Kimkakati la Kutazamia na Kupigia Picha Roketi, mradi ambao baada ya upembuzi yakinifu, mchakato shirikishi, warsha za wadau na ziara ya mafunzo kule Hawaii, ambako harushi mtu roketi lakini kuna majukwaa mazuri sana, umefikia utekelezaji wa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Bi Loretta Vance, mwenye duka la chambo la ukingoni mwa mto, hapigi.)

Nimekuona, Bi Loretta, na sitajifanya sikukuona. Najua wapiga picha wamekuwa wakisimama kwenye baraza ya duka lako tangu enzi za marehemu baba yako, wanakunywa kahawa yako na kuegemeza kamera zao kwenye pipa la kamba hai. Lakini mtalii wa kisasa, kwa mujibu wa tafiti, hapendi harufu ya chambo. Ndiyo maana tuliifunga ile barabara ya ukingoni mwa mto tangu Machi ili wataalamu wafanye kazi bila bughudha, na ndiyo maana bodi iliazimia duka lako lipishe mandhari ya jukwaa.

(“Duka lile ndilo linalonilisha, Kamishna,” anasema Bi Loretta. “Kama jukwaa lipo, nionyesheni. Nikiliona, nitabeba mapipa yangu mwenyewe na sitakusumbua tena. Kama halipo, niacheni na duka langu.” Ukumbi: “Haki yake hiyo.”)

Ombi hilo nimelipokea, na nitalijibu kwa ushahidi. Fungueni pazia. (Pazia linafunguliwa. Picha kubwa kama ukuta: roketi inapaa, moto wake umetanda juu ya maji, na mbele kabisa kuna mbao mpya na ukingo uliopakwa rangi nyeupe. Watu wanaguna kwa kupendezwa.) Hilo ndilo jukwaa lenu. Picha imepigwa wiki iliyopita kutoka juu yake.

Sasa naona mnasogeza viti mbele, na naomba tusianze ule mchezo wenu. Najua mji huu mtu haonyeshwi picha ya roketi bila kuuliza mpigaji alisimama wapi. Mnabishana kanisani, mnawekeana dau la pai, na uchumba wa binti wa Mchungaji ulikaribia kuvunjika kwa sababu kijana wa watu alisema gatini wakati ilikuwa ni darajani. Leo hatuna haja hiyo, kwa sababu bodi imeshaamua picha imepigwa wapi.

(“Mbona tangi la maji liko kulia kwa lile jengo kubwa la roketi?” anauliza mmoja wa kinamama wa pai. “Ukiwa kwetu hapa, liko kushoto.”)

Mama yangu, kushoto na kulia ni suala la mtazamo, na kuna masuala ya lenzi ndefu ambayo ni ya kitaalamu mno.

(“Lenzi ndefu inavuta vitu karibu, Wendell, haihamishi tangi,” anasema Mkuu wa Zimamoto. “Ukitaka tangi liende kulia lazima uende kaskazini, ulipite daraja.” “Rasi ya Egret,” wanasema watu kama watano kwa pamoja. “Na kule Rasi ya Egret anakaa nani?” inauliza sauti ya nyuma. Mama Earlene anavaa miwani, anaitazama picha, kisha anamtazama mkwewe.)

Tuheshimu ratiba, jamani.

(“Mimi jana nimepita pale penye jukwaa lako na boti,” anasema mvuvi mmoja. “Nimekuta korongo wawili na kibao chenye jina lako.” Kicheko kirefu.)

Kibao ndiyo awamu ya kwanza! Mradi uko katika hatua ya kabla ya kuonekana, na idara yetu ina miradi kumi na moja katika hatua hiyo, wala hakuna hata mmoja uliowahi kuanguka. Awamu ya pili italeta lifti, vyoo, na mgahawa wa samaki wa kukaanga, na kila picha ya roketi, zikiwemo za zamani, itapigiwa kura na bodi ili ijulikane ilipigwa wapi, na ubishi ukome katika kaunti hii.

Mullet Bend juu! (Kinamama wa pai bado wanaitazama picha.) Jukwaa kwanza! (Mtu anakohoa.) Maendeleo hayana kushoto wala kulia!

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mke wangu, Marlene, aliyekubali gati la nyumbani kwetu lipakwe rangi nyeupe kwa ajili ya picha hii, maana jukwaa ambalo halijajengwa halipigiki picha, na nadhani kila mwenye akili analielewa hilo. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi, Bi Loretta akiwa wa kwanza, kwa kukubali kukaa humu ndani asubuhi nzima, kwa sababu vijana wa tingatinga walihitaji nafasi bila watu kuwasimamia mbele, na sasa hivi wamenitumia ujumbe kwamba duka limeshalala chini. Kwa hiyo asije mtu akasema mradi huu haujafanya kitu.

(Bi Loretta anasimama. Kiti chake kinaanguka, hakiinui. Mkuu wa Zimamoto anasimama, kinamama wa pai wanasimama, Mchungaji, wavuvi, na Mama Earlene na fimbo yake. Wanamfuata mlangoni, mpaka viti vyote vimebaki vitupu.)

Asanteni. Asanteni sana. Jamani, hamkuwa na haja ya kunisimamia wote kwa heshima.