Nirudishiwe Kikao cha Jumatatu

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KUFUTWA KWA KIKAO CHA JUMATATU NA MADHARA YAKE KWA AFYA YANGU

Salamu kwanza, maana hata mwenye hasira ana adabu zake. Mimi ni mtunza ghala lako la vipuri, yule wa mlango wa nyuma, ambaye ukipita huniita Bwana Betri ingawa ghalani tuna vitu vingi zaidi ya betri. Sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni lile tangazo ulilobandika ukutani, kwamba kikao cha Jumatatu kimefutwa na maagizo yote sasa yatatumwa kwa simu, mistari miwili mitatu, kila mtu asome aendelee na kazi. Wenzangu walishangilia. Dereva alicheza kabisa, yeye pamoja na kitambi chake. Mimi nilishika ukuta.

Mkubwa wangu, mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sifichi: mimi silali. Usiku nakodoa macho darini, na kichwa kinachapa kazi ambayo mchana kiligoma kuifanya. Mahali pekee chini ya jua nilipopata usingizi wa maana ni kikaoni kwako. Umefuta kikao, umenivunjia kitanda. Kwa heshima na taadhima nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba umemnyima mgonjwa dawa bila hata kumpa pole. Nimejaribu vidonge, nimejaribu maziwa ya moto, nimejaribu kuoga kabla ya kulala, nikaishia kuwa mtu msafi asiyelala. Jirani alinishauri nihesabu kitu chochote polepole mpaka usingizi uje. Nikahesabu plagi za ghalani. Zikapungua mbili, nikavaa suruali kwenda kuzitafuta. Lakini wewe ukisimama tu, ukakohoa kidogo na kusema "kwa muktadha huo, ndugu zangu", mwili wangu wote unalegea. Ukifika kwenye "mchakato wa kuboresha ufanisi", siko tena nanyi. Jamani, ni raha iliyoje!

2. Kwamba ujuzi wangu sasa unaoza. Kulala umekaa wima, kalamu mkononi, huku kichwa kinaitikia kama mtu aliyeguswa na hoja, si jambo la kujifunza kwa siku moja. Ni kweli ujuzi huo ulikuwa na gharama zake. Siku moja niliitikia kwa kichwa, nikazinduka nimeshateuliwa mwenyekiti wa kamati ya usafi wa vyoo. Wajumbe wenzangu siwajui hadi leo. Sikulalamika.

3. Kwamba tangu kikao kifutwe, mawazo yamenijaa kama maji ya mtungi uliosahauliwa bombani. Juzi nilikusalimu kwenye ngazi, ukajibu "sawa". Hukusema "sawa sawa". Usiku mzima nikajiuliza: ile sawa ya pili imeenda wapi? Mkurugenzi amekasirika? Ameambiwa kuhusu zile plagi? Na kufuli la ghala, hivi nililifunga, au nililishika tu nikawaza kulifunga? Kutoka kwenye kufuli nikajikuta kwa mama mkwe. Siku ya kwanza nilipopelekwa ukweni aliniuliza kama nimeshiba, nami kwa woga nikajibu "kidogo". Kidogo! Alielewaje? Kwamba chakula chake hakikutosha? Kwamba mimi ni mlafi? Nimeoa, nimezaa, mjukuu wake sasa anaota ndevu, na neno lile bado nalitafuna kila usiku.

4. Kwamba ndoa yangu iko mikononi mwako, na hili silisemi kwa utani. Nilipomwamsha mama watoto kumwuliza kama mama yake alichukia, alibeba mto wake akahamia chumba cha watoto. Usiku uliofuata nikamfuata huko kumwuliza kama amenichukia yeye. Sasa amesema waziwazi kwamba nisipopata usingizi, atarudi kulala kwao. Kwao maana yake ni kwa mama mkwe, yule yule wa "kidogo". Nitakwenda kumrudisha kwa uso gani? Nampenda mke wangu, Mkurugenzi. Chumba hakikaliki bila yeye.

5. Kwa hiyo naomba kikao kirudi, na kiwe cha kila siku. Kisiwe na maswali, maana maswali yanashtua. Mhasibu azuiwe kuchekesha watu katikati ya hotuba. Anaiba usingizi wa wenzake, na wizi ni wizi. Mwisho wa wiki uwe unakuja nyumbani kwangu. Godoro la wageni lipo, utasimama miguuni pa kitanda utoe taarifa ya robo mwaka.

6. Tena usistaafu. Ikibidi kabisa, mrithi wako achaguliwe kwa sauti na si kwa vyeti, kwani vyeti havijawahi kumlaza mtu. Naibu wako asifikiriwe hata kidogo. Nimemsikiliza mara mbili: anaeleweka.

Nakuachia haya kwa imani kwamba kiongozi mwema halali mpaka watumishi wake walale. Nisalimie naibu wako (bila kumwonyesha namba sita), mhasibu, dereva na kitambi chake, watu wote wa nyumbani kwako, na zaidi mlinzi wa getini, ambaye analala usiku kucha na mshahara anapokea.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, mwenye macho mekundu,

Mtunza Ghala (Bwana Betri)

Nyongeza baada ya sahihi: Katibu muhtasi wako ameisoma barua hii wakati wa kuipiga mhuri, kisha akanivutia kiti. Amenieleza kwa nini kikao kilifutwa. Kumbe na wewe hulali. Kumbe usiku unamuwaza mtu mmoja wa mstari wa tatu, anayeitikia kila neno lako huku amefumba macho. Unaamka kuandika hotuba upya, unaongeza maneno mazito ili umguse, naye ndiyo kwanza anazidi kuzama. Mwisho ukaona heri kunyamaza. Lahaula! Nilitaka kuichana barua hapo hapo, lakini karatasi ikishapigwa mhuri ni mali ya ofisi, na katibu amenikubalia tu niongeze haya machache chini. Basi hesabu kwamba namba moja hadi sita nimezifuta. Mkurugenzi wangu, sikulala kwa dharau. Nyumbani kila kitu nakishikilia mimi, hata visivyoshikika. Ukisimama wewe kuongea, naona kuna mtu mwingine ameyashika mambo, nami naachia mikono. Hilo ndilo nililopaswa kukuambia mapema, badala ya kuitikia kwa kichwa. Naomba jambo moja tu: usiisome barua hii ofisini. Ipeleke nyumbani, zima simu, jilaze, uisome polepole toka juu. Ni ndefu, na haina maana yoyote.