Antivirus ya Uongo Mbele ya Mama Mukwe

Leo nimepata haya, bandugu. Haya ya kunifikia mpaka ku kisigino.

Tunaikala hapa Beni, mu Bungulu, miye na bibi yangu Kavira. Nyumba ni ndogo: salon, chumba moja, na ukuta ya mbao katikati. Leo mama yake Kavira alikuwa anatoka Butembo, anakuya kutuona mara ya kwanza tangu ndoa. Mama ule hakunitakaka sana. Alisemaka mwanaume mwenye kucheka-cheka hivi, lazima iko na wanawake fasi ingine.

Mbele Kavira aende kumupokea ku parking, akaniambia:

"Muhindo, acha ile machine. Oga, vaa shati, ungojee mama."

"Dakika moja tu," nikasema, taulo mu kiuno. (Kavira anajua dakika zangu.)

Shida ilikuwa hii. Juzi-juzi, message ilitokea ku ile machine, ordinateur (kompyuta) yetu: machine yako iko na virusi mingi, bonyeza hapa, tutakulinda. Nikabonyeza! (Ni sawa mwizi agonge mulango, aseme amekuja kulinda nyumba, na weye umupe funguo.) Tangu siku ile, ule mulinzi anatokea kila saa, rangi nyekundu, anaomba nimulipe. Leo nikasema: inatosha, naitoa.

Nikaifunga. Ikarudi. Nikatupa kapicha kake mu corbeille, kapipa ka takataka ka mu machine. Nikajisikia ingénieur kabisa. Ikarudi tena, na sasa na hasira: écran, ile kioo ya machine, yote nyekundu, na sauti. Sauti ya mwanamuke! Sauti muzuri, kama ya mutangazaji wa redio mwenye anataka kulia:

"Cher client! Ne partez pas! Ne fermez pas cette fenêtre!"

Ni kusema: muteja mupendwa, usiende, usifunge dirisha hii. Dirisha ya ku écran. Miye nilijua ni ya ku écran. Ukuta ya mbao haikujua.

Nikapunguza sauti: hapana. Nikatafuta fasi ya kuizima: ile nyekundu ilifunika yote. Kifungo ya kuzima nayo iliingiaka ndani zamani, mpaka uisukume na ncha ya kalamu, bic. Bic iko wapi? Hapana bic.

Nikasikia moto, pikipiki ya kubeba batu, inasimama inje. Na sauti ya mama.

Hapa njo akili ilinitoka. Nikakimbia na machine mu chumba, nikaiweka ku kitanda, nikaifunika blanketi. Ikalia. Nikaongeza mito. Ikalia. Nikalala juu yake muzima-muzima, nikaikumbatia.

Mu salon:

"Kavira, bwana yako iko wapi?"

"Anaoga, mama."

"Cher client! Ne partez pas!"

Nikasikia mama anasimama.

Mama hasikiake Kifaransa sana. Mu "cher client" alisikia "chéri", ni kusema mupenzi. Na "fenêtre", dirisha, ile anaijua muzuri.

"Kavira," akasema, polepole kabisa, "iko mwanamuke mu chumba yako. Anaita bwana yako chéri. Weye ingia ku mulango. Miye naenda ku dirisha, asitorokee pale."

Akaenda kweli! Nikaona kitambaa yake ya kichwa inapanda ku dirisha, kiisha macho, kiisha parapluie, mwavuli yake, ameishika kwa ncha ili apige na kishikio. Mulango nayo ikafunguka. Kavira ku mulango, mama ku dirisha, jirani bawili nyuma ya mama (walifika lini?), na miye katikati, na taulo, nimekumbatia blanketi yenye kusema.

"Utoke juu yake," mama akaamuru.

"Mama, hapana mutu hapa."

"Ne partez pas!" blanketi ikasema.

"Na huyu mwenye anasema ni nani?"

"Ni antivirus, mama."

"Njo jina yake?"

Kavira akavuta blanketi. Machine ikabaki pale, nyekundu, inaniomba nisiiache. Kavira aliniangalia, akaangalia machine, akaikala chini ku ciment na kucheka mpaka machozi. Jirani bakamusaidia.

Mama hakucheka. Alizunguka, akaingia, akaleta kiti mpaka mu chumba, akaikala na parapluie ku magoti.

"Nitaona na macho yangu akitoka."

Basi nikafanya kazi chini ya ulinzi. Nikakata internet, ule mwanamuke akanyamaza katikati ya neno. (Najua. Ningeanzia pale.) Nikawasha machine upya mu mode sans échec, ile yenye haiamshe programu zote. Nikatafuta mu liste ya maprogramu, nikamuona, nikabonyeza désinstaller, ni kusema: toa kabisa.

"Ameenda?"

"Ameenda, mama."

"Hakuacha bintu yake?"

Nikatafuta. Kweli aliacha. Nikafuta nayo, kiisha nikapitisha antivirus ya kweli mu machine yote. Haikukuta kitu.

"Fungua dirisha," mama akasema, "harufu yake itoke."

Nikafungua.

Kiisha nikaenda kuoga. Niko mu sabuni, nikasikia mama anapigia simu bamama ba shirika yake ya kanisa, kule Butembo. Sauti yake ilijaa furaha:

"Mukwe wangu ni mutu muzuri kabisa! Alimufukuza ule mwanamuke mbele ya macho yangu. Hata huruma hakumusikilia!"

Donc, bandugu ba Butembo, mukisikia habari ku soko, ya kweli njo hii. Na mwenye atacheka, simu yake ianze kuita "chéri" mu misa, padri akiwa anainua hostia.