Kadi Sita za Kukubali

Jumatatu, 4 Machi

Damu imenichemka kabla hata ya saa nne. Mhariri Mkuu amesimama katikati ya ofisi na kutangaza kwamba mkuu wa kitengo chetu cha kamusi anastaafu Ijumaa. Kiti chake atakipata atakayemaliza ukurasa wake kwanza. Kiti, na chumba chenye mlango! Mimi nimekaa miaka kumi na moja kwenye meza iliyo ubavuni mwa choo. Wanaoingia hunisalimu. Wanaotoka hupita tu.

Zimebaki kurasa mbili katika kamusi yetu ya maneno na vinyume vyake. Wa kushoto una kukataa, kukwepa, kususa na jamaa zake. Wa kulia una vinyume: kukubali, kupokea, kukumbatia, kuridhia, kuafiki, kukaribisha. Tumepiga kura. Miwani kapata wa kushoto, mimi wa kulia. Nimecheka moyoni. Nani hapendi kukubali?

Huyu Miwani ni dada wa meza ya dirishani. Miwani yake huning'inia kifuani, haijawahi kufika machoni. Alipokuja miaka minne iliyopita, mimi ndiye niliyemwonyesha gundi inakaa wapi. Leo anagombea kiti na mimi!

Utaratibu wa nyumba hii ni mmoja. Kila neno lina kadi yake, na kila kadi ina sentensi iliyotamkwa na mtu hai wiki hiihii, na msemaji mwenyewe atie sahihi. Mhariri Mkuu amelirudia hilo mara mbili huku akinikazia macho mimi. Mwaka jana nilileta kadi tisa za "mkulima mmoja", wakagundua mkulima ana mwandiko wangu. Watu wa hapa wana kinyongo!

Atakayekuwa hajamaliza Ijumaa saa kumi atahamishiwa stoo ya karatasi. Sawa. Kadi sita tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na mke wangu. Angeweza kukubali lolote, lakini nikaona kwa nini nipate kadi tu, bila faida nyingine? Nikamwomba akubali nisiende Jumapili kupaka rangi nyumba ya dada yake. Kaweka mkasi chini. Akasema anakataa, na nikikwepa na safari hii nitajua sijui. Nimemwambia hiyo sentensi hainifai. Akasema anayo nyingine, mbaya zaidi.

Na nani alikuwa barazani saa kumi na mbili unusu asubuhi, kikombe cha chai mkononi? Miwani! Eti amefuata sketi yake aliyoleta ipunguzwe. Mke wangu ni mshonaji, sikatai. Lakini sketi gani hiyo isiyoweza kungoja jua litoke?

Jioni kwa mama mkwe, kutafuta kupokea. Nimempelekea zawadi, chupa ya chai, nzuri kabisa, nimeifunga kwa karatasi ya maua. Kaigeuza mara moja, kaangalia kitako. Kumbe ndiyo aliyotuzawadia yeye siku ya harusi yetu! Na ina alama aliyoikwaruza mwenyewe kwa kisu ili isipotee. Kasema haipokei, na niondoke nayo kabla hajaita majirani. Mwanamke mmoja, kumbukumbu kama polisi!

Nje getini nikakutana na Miwani amebeba machungwa. Anadai anakaa mtaa huo. Nimemjibu kwa kukohoa.

Jumatano, 6 Machi

Hasira zimenipanda hadi kwenye masikio.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi viatu, aridhie kushona vyangu kabla ya vya watu sita waliotangulia. Kaviweka chini kabisa ya lundo. Kisha kanitazama na kuvisukuma chini zaidi.

Ofisini, kwenye kikao, nikatoa hoja kwamba Miwani akasaidie chumba cha kuchapia hadi Jumamosi, kwa faida ya kampuni. Nilitaka mmoja tu aafiki. Mikono yote ilipanda kupinga, hata wa tarishi, ambaye hana kura! Ameingia kuleta chai tu!

Jioni, kukumbatia. Jirani yangu seremala hatujasemezana tangu nilipokata tawi la mti wake lililokuwa likiniangushia majani. Nikamfuata karakanani kwake na mikono wazi, nikitangaza kwamba yaliyopita yamepita, na kwa kuwa tumepatana, anitengenezee dirisha bure. Nilikuwa nimeshafika kifuani pake alipolisikia la dirisha. Kaniepa. Nimekumbatia mlango wa mteja, umepakwa rangi dakika hiyohiyo. Shati limekwisha. Seremala anasema mlango pia umekwisha.

Na Miwani yuko hapohapo! Anapima kabati la vitabu! La nini? Meza yake haina hata ukuta wa kuliegemeza! Sasa nimeelewa. Ananifuata ili aniibie kadi zangu. Zote sita. Ambazo bado sina.

Alhamisi, 7 Machi

Miwani alipotoka kwenda kula, nikafungua droo yake. Ni upelelezi, si wizi. Nikakuta kadi zimepangwa, nikasoma ya kwanza.

"Nakataa, na ukikwepa na safari hii utajua hujui." Mshonaji. Sahihi ya mke wangu! Kwa kalamu yangu ya bluu niliyoitafuta tangu juzi!

Ya pili: "Siipokei. Ondoka nayo kabla sijaita majirani." Mama mkwe. Yumo fundi viatu. Yumo seremala. Yumo hadi tarishi! Ukurasa wake wote umejaa, na kila mtu humo ananikataa mimi. Kazi yake wiki nzima imekuwa kusimama nyuma yangu na kalamu.

Nikazibeba moja kwa moja hadi kwa Mhariri Mkuu. Nikapiga meza. Nikasema hii ni aibu, haya yametoka katika maisha yangu. Akaniuliza kwa upole kama kweli maneno hayo yalisemwa. Yalisemwa! Nikamthibitishia moja moja, mahali, saa, hata sauti. Nikamwonyesha shati lenye rangi. Akafuta machozi. Akasema hajawahi kuona kadi zilizothibitishwa vizuri namna ile. Akasema amezipokea zote.

Miwani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaninong'oneza kwamba hiyo ni sentensi yangu ya kupokea, niombe sahihi haraka. Nimemwambia asinifundishe kazi. Nilikuwa bado sijamaliza kupiga meza.

Ijumaa, 8 Machi

Saa tatu Miwani kapewa chumba. Saa nne kabati lake la vitabu limefika.

Saa tisa na nusu kaja mezani kwangu. Kaketi. Kasema, kaka, usichukie. Kila alikopita kuomba sahihi, watu walimpa na maneno mengine, naye hakuwa na pa kuyaweka, akaniandikia mimi. Kafungua bahasha. Kadi sita! Mke wangu amekubali kumpunguzia sketi. Mama mkwe amepokea machungwa. Fundi viatu ameridhia kumngoja. Seremala amemkaribisha ndani, na mke wa seremala amemkumbatia. Hata Mhariri Mkuu ameafiki kitu fulani kuhusu dirisha. Sahihi zote zipo. Alisema nizipeleke tu, dakika thelathini zinatosha, stoo kuna unyevu na mimi nina kifua.

Ofisi nzima ilikuwa ikiniangalia. Kidogo tu, kidogo tu mkono wangu uende.

Anihurumie mimi! Aliyeonyeshwa gundi na mimi! Nikasimama. Nikamwambia sitaki, nakataa, hata mnizike na hizo kadi!

Kavaa miwani. Machoni, kwa mara ya kwanza. Kaandika. Kasema kwa unyenyekevu kwamba hiyo ya tarishi ilikuwa dhaifu kidogo, hii ni bora, kama sitajali kutia sahihi.

Nimetia. Kubwa, yenye mkia, ili kila mtu ajue nani kakataa.

Jumatatu, 11 Machi

Stoo ya karatasi. Nakohoa. Lakini chumba kina mlango! Hufungwa kwa nje, ndiyo, ila ni mlango.

Nimemwambia mke wangu kwamba katika ofisi nzima ni mimi peke yangu nitakayesomwa ndani ya kamusi. Ukurasa wa kushoto, chini ya kukataa. Akauliza, na wa kulia? Nikamwambia wa kulia ni wa watu dhaifu.

Mchana tarishi kaleta bahasha kutoka juu. Anadai ni barua ya Miwani, ananiomba nirudi nikawe msaidizi wake, meza ya dirishani, mbali na choo. Alibembeleza niifungue.

Nimeirudisha vilevile ilivyokuja. Hanipati!