Kuhusu Sarafu Nilizozitia Sabuni

Ndugu Mhariri,
Jarida la Wakusanya Sarafu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ukishaisoma ubaki hivyo hivyo. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni mtunza ghala mstaafu, anayekusanya sarafu za kale tangu mlipochapisha ile makala ya istilahi kwa wanaoanza. Sarafu zenyewe zilikuwa nyeusi tititi, nikamwonea huruma. Alipokwenda kwa kinyozi nikazisugua kwa limau, majivu na sabuni ya unga mpaka nikajiona ndani yake. Nikazipanga juu ya kitambaa cheupe, nikakaa kusubiri shukrani.

Alizitazama, akaketi chini, na tangu siku hiyo hasemi nami. Hata chumvi anaiomba kupitia kwa mama yake. Kwa kuwa chanzo ni ninyi, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Uchafu mnauita "utando". Mnasema ni rangi ambayo sarafu huipata kwa miaka mingi, na anayeiondoa ameua thamani yake. Ndugu Mhariri, mimi nimelelewa na mama aliyetuchapa kwa kuacha utando kwenye sufuria. Kama mlijua jambo zito namna hii, mbona mliliweka ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la viatu?

2. Mmemfundisha kupanga madaraja. Sarafu ambayo haijawahi kutumika ndiyo ya juu, na iliyopita mikononi mwa watu hushuka. Hesabu hiyo sasa inatumika nyumbani kwangu. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuinua hata ndoo, amepewa daraja la juu kabisa. Mimi niliyelea watoto na kushona hadi vidole vikaota sugu, nimeletewa habari na mama mkwe kwamba nimechakaa, ila maandishi bado yanasomeka.

3. Kasoro ya mtambo. Mnasema sarafu iliyochapwa vibaya kiwandani, picha ikaenda upande, hutafutwa kuliko iliyo sawa. Nikasema haya, tusibishane na wasomi. Nikamshonea mwalimu mkuu suruali yenye mguu mmoja mrefu, nikamtajia bei ya vitu adimu. Amehamia kwa fundi mwingine na kunitangaza shule nzima. Nasubiri mje mmweleze.

4. Kwa kufuata mafundisho yenu nimeacha kufua mashati ya mume wangu, na kola zimeanza kupata utando mzuri sana. Mama mkwe anasema zinanuka. Nimempa jarida lenu asome. Bwana afya naye alipopita nilimwambia sakafu yetu haipigwi deki, inahifadhiwa, na kama vile mlivyoagiza sarafu ishikwe ukingoni tu, naye aikanyage ukingoni tu. Ameahidi kurudi na wenzake.

Kwa hiyo naomba mchapishe, kwa herufi kubwa, kwamba sarafu iliyooshwa na mke kwa nia njema hupanda thamani. Kama ni uongo, sijali. Nimezoea kushona huku mume wangu akinisimulia mambo ya ghala, nani aliiba misumari na nani alisingiziwa. Sasa nasikia cherehani peke yake, na inaniuma, Ndugu Mhariri, inaniuma kweli.

Unisalimie wapiga chapa, mhasibu, na mama anayepika chai hapo ofisini. Huyo aliyeandika makala msalimie kidogo tu.

Wako, ninayesubiri majibu kwa adabu zote zilizobaki,

Mke wa Msomaji Wenu
(Fundi Cherehani)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mume wangu amenisamehe na kuanza kusema. Amenunua sarafu nyingine, mkoba mzima, na ameketi kando ya cherehani akinieleza sura, mgongo na ukingo wa kila moja. Hajanyamaza tangu chai ya asubuhi, na sasa jua linazama. Tafadhali msichapishe chochote. Nijulisheni tu, kwa haraka, ni sabuni gani iliyo kali kuliko ile ya unga.