Jibini Juu ya Kome

Pompilio Greco alipomwona yule mama akikaa peke yake kwenye meza ya nje na kuunusa mkate kabla ya kuuma, moyo ulimruka kwa furaha. Huku Gallipoli, kusini mwa Italia, hakuna mtu anayekula samaki peke yake kwa hiari. Watu wa hapa wakienda kula samaki huenda na mama mkwe, watoto, jirani na shemeji wa jirani, na bado wanaona meza imepwaya. Anayekula peke yake ama amefiwa, ama ameachwa, ama ni mmoja wa wale majaji wa siri wa vitabu vya mikahawa, wanaopita wakionja kimyakimya na kumpa mwenye bahati nyota ya kubandika mlangoni. Huyu mama hakuwa na sura ya kufiwa. Alikuwa anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni na kutabasamu.

Pompilio alijua fika kwamba hakuwa jaji. Alimwona mchana akishuka kwenye basi la Lecce na begi lililoshonwa kamba kwa uzi mwekundu, akauliza chumba kwa kuonyesha ishara ya kulala. Mtalii tu, tena mwenye njaa. Lakini ukweli ni kazi ya mapadri, na Pompilio hakuwahi kuingilia kazi za watu.

Nimtetee kidogo kabla hamjaanza kumlaani. Mji ulikuwa umemwishia. Pompilio alishamwingiza mkenge mwenye duka la dawa, mwenye boti vivyo hivyo, na daktari wa meno alimpangisha nyumba ya mama mkwe wa daktari mwenyewe. Sasa watu wakimwona wanavuka barabara. Aliyebaki ni Oronzo peke yake, kwa sababu Oronzo alikuwa mpishi wa melini miaka yote hiyo na amerudi juzijuzi kuendesha mgahawa wa mama yake. Na mkononi mwa Oronzo kulikuwa na saa ya dhahabu, aliyoila kwa shemeji yake Pantaleo kwenye karata. Pantaleo ndiye mwenye mgahawa wa jirani, kwa hiyo Oronzo aliivaa juu ya mkono wa shati, ili shemeji aione vizuri. Pompilio akiipata saa ile, basi ni Roma moja kwa moja, mji ambako hakuna aliyewahi kumwona. Akiikosa, ni kipupwe kingine hapahapa, akisalimia migongo ya watu.

"Oronzo, kaka yangu," akasema, akiegemea mlangoni. "Usigeuke."

Oronzo akageuka.

"Nimekwambia usigeuke! Yule mama ni jaji."

"Jaji wa mahakama?"

"Jaji wa kamba na ngisi, bwana! Wa kitabu! Wa nyota!"

Walikuwa hatua chache kutoka meza yake, na wala hawakunong'ona. Walikuwa wakiongea kilugha cha hapa, na kilugha cha hapa hata mtu wa Roma akikisikia hudhani watu wanagombania shamba. Yule mama aliendelea na mkate wake.

"Umemjuaje?"

"Nimewahi kumbebea mizigo kule kaskazini. Kila mwaka tunasalimiana. Akiwa kazini anajitia hanijui, ndivyo walivyo. Mwenzio kule pwani ya upande wa pili alimpa nyota, sasa watu wanapanga foleni mpaka kanisani."

Oronzo akauangalia mgahawa wa jirani. "Pantaleo anayo?"

"Hana. Lakini mama huyu akitoka hapa hajaridhika, unadhani mlango unaofuata ni wa nani?"

Hapo Oronzo akashika meza. "Nimpe kitu kidogo?"

"Toba! Hela hagusi. Ukimtolea hela anakuandika vibaya mpaka wajukuu wako watauza chipsi. Ila ana ugonjwa mmoja tu, maskini." Pompilio akahema kama mtu anayefichua siri ya familia. "Saa. Saa za zamani. Akiiona saa nzuri anakosa usingizi."

Oronzo akaufunika mkono wake. "Hii?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

"Subiri kwanza. Nimwone anavyokula."

Na yule mama alikula, jamani. Akaletewa kamba wekundu wabichi na limau, akawavunja vichwa na kuvifyonza, akafumba macho. Akala pweza, akapangusa sahani kwa mkate ikabaki haihitaji kuoshwa. Akanywa divai yake nyeupe kidogo kidogo, akiangalia jua likizama nyuma ya mnara wa bandari, hana haraka, hana wa kumwuliza mbona unakula sana. Mimi nilipenda tu kumtazama. Oronzo naye alianza kulegea, kidole kikacheza kwenye mkanda wa saa.

Ndipo zikaja tambi za kome, zikitoa mvuke wa kitunguu saumu. Yule mama akaziangalia, akainua mkono, akafanya ishara ya kukwangua.

Alikuwa anaomba jibini.

Meza zote zikamgeukia. Mtoto mmoja akaacha kulia. Jibini juu ya kome! Huku watu wamevunja uchumba kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Jaji wako huyo!" Oronzo akafoka, uso umemwiva. "Jaji gani anaomba jibini juu ya kome? Umeniletea mtalii wa basi, mshenzi wewe!"

Pompilio jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi. Lakini mtu aliyeisomea kazi yake haachi jahazi kwa wimbi moja.

"Ahsante, Mungu," akasema, mikono kifuani. "Huo ndio mtihani wenyewe! Ukimpa, umefeli. Wenzako wangapi wamempa! Mnyime, Oronzo. Mnyime kwa nguvu!"

Hakukuwa na haja ya kumwambia Oronzo. Mama yake, Mama Addolorata, alishatoka jikoni na upawa mkononi.

"Nani kataka jibini? Juu ya kome wangu? Mwambieni akalimwage kwenye kahawa ya bibi yake! Niueni kwanza ndipo mlete jibini!"

Yule mama akaweka uma chini. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akamwinamia Mama Addolorata kwa heshima kubwa. Kisha akakaa na kula tambi zake kavu bila hata chembe ya jibini, akitikisa kichwa kwa raha.

"Umeona?" Pompilio akanong'ona, mwenyewe haamini bahati yake. "Umefaulu."

Oronzo machozi yalimlengalenga. Akaivua saa. "Mpelekee. Mwambie imetoka moyoni."

"Nitaiacha hotelini kwake, kisirisiri. Wewe hujaona, mimi sijabeba." Saa ikazama mfukoni. Pompilio akaanza kutembea, mwendo wa mtu anayekwenda kununua sigara, na akilini alishaketi ndani ya treni ya Roma upande wa dirishani.

"Ewe kijana," sauti ikamwita nyuma. "Saa yangu i wapi?"

Alikuwa yule mama, na aliongea kilugha. Tena si hiki chetu cha leo, kilichochujuka, bali kile cha zamani walichoongea watu waliokwisha kuzikwa. Mama Addolorata akafanya ishara ya msalaba, kwa maana alisikia kinywa cha bibi yake.

"Mama... mama unajua..." Pompilio akagugumia.

"Nimezaliwa Ajentina, lakini aliyenilea ni bibi, na bibi aliondoka hapa kwa meli. Nyumbani hatukuwa na lugha nyingine ya kugombana." Akafuta mdomo taratibu. "Haya. Mwenye mgahawa kanipa saa, nimesikia kwa masikio yangu. Nivishe."

"Tulikubaliana hotelini..."

"Hoteli gani? Mpe mama saa yake!" Oronzo akanguruma. Upawa nao ukasogea karibu.

Pompilio aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha mikono yake mwenyewe ikamvisha yule mama dhahabu yote ya Roma.

"Imenikaa," akasema yule mama. Oronzo alipokataa katakata kulipwa chakula, hakubishana naye sana. "Chakula chako, Oronzo, ni cha nyota. Ila nina sharti. Huyu Pompilio ana kipaji, anajua mtihani kabla sijautunga. Mtie jikoni. Nitarudi bila kupiga hodi. Nikimkosa, nyota naipeleka kwa jirani."

"Kwa Pantaleo? Labda nife!" Mkono wa Oronzo, mkono wa mtu aliyebeba masufuria baharini, ukatua shingoni kwa Pompilio.

Ndipo Pompilio, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, akasema kweli. Akaisema kwa sauti, mbele ya meza zote.

"Oronzo, nisikilize! Huyu si jaji! Ni mtalii tu! Nilikudanganya ili niibe saa! Mimi ni tapeli, waulize hawa wote!"

Wote wakaitikia kwa vichwa. Oronzo akawaangalia, akamwangalia Pompilio, akamwangalia yule mama anayevaa begi lake mgongoni. Uso ukamchanua taratibu.

"Mtihani mwingine!" akapiga kelele. "Ahaa! Hamnipati!"

Akamsukuma Pompilio jikoni, akakomea mlango. Mama Addolorata alishamwandalia ndoo ya ngisi.

"Kunja mikono ya shati," akamwambia. "Wino hautoki."