Mtumaji Hajulikani

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua tena. Ofisi yetu ya misaada hapa Garsen hupata barua pepe kwa redio, kwa taabu. Leo zote takataka: utajiri wa haraka, dawa ya kuotesha nywele. Bosi ana kipara. Alidhani nimemtumia mimi, namkejeli! Lois, anayeshika redio ya sauti, alicheka mpaka akakaa chini. Atanitambua.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata dawa. Barua ikija, seva yangu, mashine inayopokea barua, itaiuliza kwanza mashine ilikotoka: mtumaji huyu yupo kweli? Isipojibiwa, barua inarudishwa. Seva haitakiwi kuzimika, kwa hiyo nimechukua betri ya redio ya Lois. Akauliza watu wa Bura, kule juu mtoni, watatuitaje. Nikamwambia waandike, kama watu waliosoma.

Alhamisi, 6 Novemba

Takataka hakuna! Barua yoyote hakuna, kwa kweli. Bosi amenisifu mbele ya Lois. Raha iliyoje.

Jumamosi, 8 Novemba

Mto umeingia kijiji cha Kulesa alfajiri, watu wamelala. Tumeshinda tukiwavusha kwa mitumbwi. Migomba haionekani. Pekeshe, mkulima anayetuuzia ndizi, hamwoni mama yake. Anaita tu.

Jumapili, 9 Novemba

Jaldesa, anayepima kina cha mto kule Bura, amekuja na helikopta iliyoleta mahema. Akanikaba shati. Ameandika tangu Jumatano kwamba maji yanapanda, na kila barua imerudi ikisema hajulikani.

“Wewe Menza, miaka yote hii hunijui mimi?”

Nikamweleza kwa upole kwamba mashine yake huzimwa ikishatuma, basi seva yangu ikiuliza haipati wa kujibu. Kasoro iko kwake. Hakutaka kuelewa.

Jumanne, 11 Novemba

Mama yake Pekeshe amepatikana amekufa, amenasa kwenye miti. Pekeshe alikuja ofisini, kandambili mguu mmoja, akauliza mbona hawakuambiwa. Lois akamshika mkono, akatoka naye. Mimi nilikuwa na jibu, ila ni refu.

Alhamisi, 13 Novemba

Bosi ameamuru betri irudi kwa Lois. Imerudi. Nimewaza sana, sijala. Kosa nimeliona: nilikagua barua peke yake. Redio ya Lois inapokea yeyote anayefungua mdomo! Nimempelekea bosi pendekezo. Kila atakayeita kwenye redio asubiri kwanza, mpaka tuhakikishe ni nani.

Maji yakipanda tena, atakayetuambia atakuwa mtu anayejulikana.