Harusi Niliyoirusha Bila Waya

Jumatano, 4 Machi

Naandika haya kwa faida ya vizazi. Siku moja watu wataulizana ni nani aliyeleta teknolojia mtaa huu, na wasiojua watamtaja mtu mwingine. Ni mimi. Hata wale waliochimba mtaro wa nyaya za simu walipita kwangu kwanza. Waliomba maji ya kunywa, lakini ushauri niliwapa vilevile.

Leo nimekabidhiwa kazi nzito. Dada yangu ametuma video ya harusi ya binti yake, iliyofungwa ng'ambo wiki tatu zilizopita. Picha safi ya hali ya juu, unaweza kuhesabu shanga za gauni. Giga tisa. Imechukua siku mbili kuingia kwenye kompyuta, na kompyuta ikapata moto kama pasi.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hakuweza kusafiri. Jicho la kushoto lilishakufa zamani. La kulia lina mtoto wa jicho na Jumanne anafanyiwa upasuaji. Mke wangu alijaribu kumwonyesha harusi kwenye simu. Mama akasema anaona sisimizi wanahama. Anataka kumwona mjukuu wake kwenye televisheni kubwa kabla hajapanda meza ya daktari, maana jicho hilo likienda mrama hana la akiba.

Nikamwahidi Jumapili, saa nane mchana. Tena bila waya. Picha itatoka kwenye kompyuta, ipite hewani, itue kwenye televisheni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa friji, mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi, akauliza kwa nini nisiiweke tu kwenye fleshi nikaichomeka nyuma ya televisheni. Nilimhurumia. Mtu akikaa sana na friji, mawazo nayo huganda.

Alhamisi, 5 Machi

Siku ya majaribio. Harusi sikuigusa, kitu cha heshima hakichezewi. Nilijirekodi mwenyewe kwa simu nilipotoka kuoga, nikifanya mazoezi ya hotuba ya Jumapili. Taulo kiunoni, kitana mkononi badala ya maikrofoni. Dakika nne. Niseme kweli, nilipendeza.

Intaneti tunachangia na jirani yetu, mshonaji wa nguo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Kiboksi chenyewe kiko kwake, upande wa pili wa ukuta wa sebule yetu. Nikabonyeza kwenye kompyuta pale pa kurushia. Yakatokea majina mawili ya televisheni, yanafanana herufi kwa herufi. Nikachagua la juu. Mtu wa hadhi yangu haanzi na la chini.

Kompyuta ikaandika kwamba inarusha. Televisheni yetu kimya, nyeusi kama tako la sufuria. Nikarudia mara sita. Nikaigeuza ielekeane na kompyuta, zipate kuonana. Wapi. Nimehitimisha kwamba picha inafika, ila inachelewa njiani kwa uzito wa hotuba.

Ijumaa, 6 Machi

Mama Pindo kaja asubuhi, tepu ya kupimia shingoni, uso umekaza. Anadai jana televisheni ya chumba chake cha kushonea ilijiwasha yenyewe mara sita mbele ya wateja, ikaonyesha mwanamume mwenye taulo anahutubia kitana. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa anapimwa kiuno, aliomba aondoke. Mteja mwingine aliomba irudiwe.

Televisheni yake ni pacha wa yetu. Duka moja, siku moja, aina moja, na mshauri alikuwa mimi. Nikamwambia kwa upole kwamba hayo ni mawimbi ya kituo cha mbali yaliyopotea njia. Akasema mwanamume yule anafanana na mimi. Nikasema wanaume wenye sura nzuri hufanana sana. Akasema hata kalenda iliyokuwa nyuma yake inafanana na ya sebuleni kwetu. Nikasema kalenda zinatoka kiwandani kwa maelfu. Akaniuliza, haya, na tundu la taulo nalo linatoka kiwandani, baba?

Hapo nikakumbuka nina haraka.

Jumamosi, 7 Machi

Shemeji kaitazama kompyuta sekunde tatu. Akasema jina la juu ni televisheni ya Mama Pindo, la chini ndiyo yetu, nichague la chini basi. Amesema hayo mbele ya mke wangu. Mbele ya Mama.

Sasa tufikiri kama watu wazima. Nikichagua la chini na likakubali, Jumapili makofi yote yatakwenda kwa fundi wa friji. Nikawaambia tatizo nimeshaligundua peke yangu, ni mwelekeo wa picha. Nimeubandika ukuta mzima wa upande wa Mama Pindo karatasi za kung'aa za jikoni, ili picha ikitaka kuvuka igonge irudi kwetu. Mke wangu anaulizia karatasi zake. Sijui atazipata wapi.

Jioni Mama akaniita chumbani kwake. Akanishika mkono, akaupapasa kama anayetafuta kitu. Akasema mwanangu, mimi sihitaji maajabu, nahitaji kumwona mtoto. Nikamjibu kwamba atapata vyote viwili.

Jumapili, 8 Machi

Watu kumi na wawili sebuleni. Mama mbele kabisa, hatua moja kutoka kwenye kioo, kavaa miwani yake na juu yake kaongeza ya mke wangu. Nilitoa hotuba nikiwa na suti. Nikabonyeza. La juu, bila shaka.

Kompyuta ikasema inarusha. Televisheni nyeusi. Tukajiona wenyewe kwenye kioo, watu kumi na wawili tumekaa tunajitazama.

Kisha nyuma ya karatasi zangu, ng'ambo ya ukuta, vikasikika vigelegele. Kinanda. Sauti ya dada yangu analia kwa furaha. Mama akageuza kichwa, akasema jamani, mbona harusi iko kwa jirani.

Shemeji akanyoosha mkono kwenye kompyuta. Nikasimama katikati. Alinizunguka. Akainua kiti cha Mama, Mama akiwa juu yake, akatoka naye mlangoni. Wote wakafuata. Mama Pindo alifungua kabla hatujabisha, cherehani ameshazisogeza.

Mama alisogeza pua hadi kwenye kioo. Akaufuata uso wa mjukuu wake kwa kidole, taratibu, kila ulipokwenda. Akasema ana paji la babu yake. Akalirudia hilo kwa sauti ndogo, kama anayemwambia huyo babu.

Baadaye nikatangaza kwamba ndivyo nilivyopanga, kwa kuwa ukumbi wa Mama Pindo ni mpana zaidi. Shemeji akakohoa.

Kwa bahati mbaya kompyuta ikimaliza video moja huingia kwenye inayofuata. Taulo. Kitana. Dakika nne kamili, picha safi ya hali ya juu, tundu lenyewe unaweza kulipima kwa rula. Nikatafuta rimoti. Mama Pindo alikuwa ameikalia, na akasema magoti yanamuuma, hawezi kusimama. Mama akavua miwani zote mbili. Akasema huyu anamwona vizuri kabisa.

Jumatano, 11 Machi

Upasuaji wa jana haukufika nusu saa. Leo tumerudi kufunguliwa bandeji. Wakati tunasubiri, nesi mkuu alilalamika kwamba televisheni ya wodi haionyeshi kitu cha maana. Nikamtuliza. Nikamweleza kazi niliyofanya Jumapili, watazamaji kumi na wawili, wote waliondoka wameridhika. Nikafungua simu, nikakuta televisheni tisa za hospitali zimejipanga. Nikamrushia hotuba yangu kwenye ya juu kabisa. Wodini haikutokea. Nasikia madaktari walikuwa na kikao ghorofa ya pili, na wamekiahirisha.

Mama anaona. Nimeambiwa alihesabu vidole vya daktari, akasoma saa ya ukutani, akamwambia shemeji kwamba amenenepa.

Nasema nimeambiwa. Daktari alipoanza kubandua plasta ya kwanza, mimi nilizimia. Mama alitoka wodini kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nilitoka kwa kiti cha magurudumu, na aliyekuwa anakisukuma ni Mama.